Kitufe cha "Sina Ukoo"

Joviana Aroni Rutaihwa,
S.L.P. 1183,
Bukoba.

23 Novemba 2025

Mpendwa Baba mdogo Anatory,

Shikamoo. Shikamoo ya pili ni ya Mama mdogo Kokuhirwa, na naitanguliza hapa hapa juu, maana najua akiona barua haikumtaja mapema atanuna mpaka Pasaka. Hamjambo huko Winnipeg? Baridi imeshaanza kuwatafuna au bado inawaonea huruma? Avit sikio lake limepona? Na Alistidia chuo anakionaje? Sisi huku tu wazima, tunamshukuru Mungu, ingawa uzima wangu mimi ni wa mwili tu. Kichwa kimechoka, na sababu utazisoma humu humu, kwa hiyo kaa kitako.

Baba yako hajambo. Goti linamsumbua asubuhi lakini likipata jua linatulia, na kila siku lazima aende kibanjani kuigombeza migomba yenye mnyauko kana kwamba imeugua makusudi. Masikio yamepungua, ila yanapungua kwa kuchagua. Ukimwambia apumzike hasikii. Ukinong'ona habari za nyama anakujibu akiwa chumba cha pili. Mama yangu naye yupo, anapanda na kushuka kati ya Kashozi na hapa mjini na vikapu vyake, na anasema nikuambie kahawa ya mwaka huu imezaa vizuri.

Senene wameanguka! Wiki iliyopita mji mzima ulikuwa nje na ndoo na mashuka, hata watu wa benki na tai zao. Nimewakaangia kopo zima. Atawaletea Muharami, kaka yake rafiki yangu Shamsia ambaye utamsoma humu mbele, anayekuja huko kwenye mafunzo, ndiye huyo huyo aliyebeba barua hii. Wakimnyang'anya uwanja wa ndege msinilaumu mimi.

Utajiuliza kwa nini nimeshika kalamu wakati kila Jumapili tunaandikiana kwenye simu. Nikuambie ukweli, Baba mdogo: kwenye simu unanisoma kwa jicho moja. Nikuandikie habari ya msiba au ya harusi, unanijibu kidole gumba, basi. Hili la leo sitaki lijibiwe kwa kidole gumba.

Ni habari ya ile programu. Ulinituma wewe mwenyewe, sijui kama unakumbuka. Mara ya mwisho mlipokuja, Alistidia alishuka garini pale Kashozi, akamkuta Babu amesimama mlangoni na koti lake la kanisani, akamwambia "Mambo!" Babu hakujibu. Aligeuka, akaenda kibanjani, akarudi jioni. Mpaka leo anasema mjukuu wake alimsalimia kama konda wa stendi. Na mtoto alilia siku nzima, maskini, hajui kosa lake ni lipi. Ndipo ukaniita pembeni ukaniambia, "Jovi, wewe si ndiye mtaalamu wa simu? Watengenezee hawa watoto kitu, wajue nani anaitwa nani."

Nikatengeneza. Nikaipa jina Nikuiteje, na kazi yake ni hiyo tu. Unaandika jina lako, ukoo wako, wazazi wako. Kisha unaandika mtu aliye mbele yako, yenyewe inakuambia huyu ni baba yako mkubwa, huyu ni shangazi, huyu ni mjomba, na sauti ya Babu inakutamkia salamu yake kwa Kihaya, au kwa Kiswahili akiwa si ndugu, na kukueleza kama unapiga magoti au unasimama. Babu alirekodi zote. Nilikaa naye sebuleni wiki nyingi, mvua ikipiga bati tunanyamaza, ikikatika tunaendelea.

Halafu akanilazimisha kuongeza jambo lake. Akasema vijana wa siku hizi wanakutana mjini, hawaulizani, wanakuja kugundua ni wa ukoo mmoja wakati mahari imeshatajwa. Kwa hiyo iwepo sehemu ya wachumba: unaandika jina lako na la mwenzako, na kama ni ndugu, programu iwazuie. Kuwazuia vipi? Kwa sauti yake. Akavuta pumzi akapiga kelele "Leka!", yaani acha, mpaka kuku wakatawanyika uani. Nikamwambia Babu, punguza kidogo. Akasema wanaotaka kuoana ndugu kwa ndugu hawasikii sauti ndogo.

Nilimwahidi kwamba Krismasi hii, mtakapofika, wajukuu zake wa Kanada watamwita anavyostahili kuitwa. Hilo ndilo nililokuwa nalipigania muda wote huu. Yeye mwenyewe anasema hana Krismasi nyingi za kugawa. Na kwa kuwa simu zenu huko hazikubali kitu ambacho hakikutoka kwenye duka la programu, ilibidi Nikuiteje iingie dukani kabla ninyi hamjapanda ndege. Hapo ndipo mateso yangu yalipoanzia.

Pale dukani haiingii kitu mpaka mkaguzi akikague. Mkaguzi yuko wapi, ana sura gani, hakuna ajuaye. Nikatuma, nikasali, nikangoja. Jibu likaja: imekataliwa, mkaguzi ameshindwa kuvuka ukurasa wa kwanza.

Ukurasa wa kwanza, Baba mdogo! Una swali moja tu: wewe ni wa ukoo gani? Swali ambalo kwetu unaulizwa kabla hujapewa kiti! Nilikaa nikaitazama ile simu kama imenitukana. Mtu mzima, ana kazi, ana mshahara, anakwama kwenye ukoo wake?

Shamsia alicheka mpaka akazima mashine. Humjui Shamsia: ndiye mwenye duka la fotokopi karibu na msikiti, kanipa kona ya meza yake ndiyo ofisi yangu. Akaniambia, "Jovi, huenda mwenzio hana ukoo." Nikamwambia hakuna mtu wa hivyo duniani. Akasema, "Wallahi, huko wako wengi." Nilimwona anafanya mzaha.

Wale wa duka la programu wakataka niwatengenezee jina la kuingilia, lililojazwa kila kitu, mkaguzi aingie nalo bila kuulizwa. Kwa maneno mengine, nimpe mkaguzi ukoo. Nikasema haya, ni kazi ndogo, nikaanza kuandika ukoo wetu. Mkono ukakataa. Sikuweza kumwingiza mtu kwetu bila Babu kujua. Najua utanicheka, lakini ungekuwa wewe ungefanyaje?

Nikapanda Kashozi. Babu akanisikiliza huku akitafuna akamwani, zile punje za kahawa ambazo humpa kila anayeingia, akanigeuzia maswali. Huyo mtu ni mwanamume au mwanamke? Sijui, Babu. Baba yake nani? Sijui. Anakaa na nani? Babu, sijui chochote, ni mkaguzi tu! Akasema mtu hapewi ukoo kama anavyopewa lifti. Mama naye akaingilia, akasema mnyonge hafukuzwi mlangoni, kama hana kwao basi aingie. Wakabishana mpaka chakula kikapoa.

Mwisho Babu akakata shauri: aingie kwetu, aitwe Mugenyi kwa kuwa ni mgeni, awe mtoto wa marehemu baba yangu, ili mimi niwe dada yake na makosa yake yote yaje kwangu. Kwa hiyo hongera, Baba mdogo. Umepata mtoto mwingine wa kaka yako na hukujulishwa.

Nikatuma tena. Safari hii nilikuwa na hakika hata usingizi nililala vizuri. Jibu: imekataliwa. Programu inawakataa watumiaji wote, na inatoa sauti za vitisho.

Vitisho! Sauti ya baba yako mzazi!

Ilinichukua muda kuelewa kilichotokea, na nilipoelewa nilitamani ardhi inimeze. Mkaguzi kazi yake ni kubonyeza kila kitu. Alifika kwenye sehemu ya wachumba, akajichagulia mchumba kati ya watu niliowajaza kwa ajili ya majaribio. Akanichagua mimi. Babu akamfokea "Leka!" Akamchagua Alistidia. "Leka!" Akarudi, akajaribu mwingine, na mwingine, kila msichana anayemgusa Babu anamfokea, kwa sababu wote niliowajaza walikuwa ni sisi. Nilipokaa kufikiria majina ya watu, waliokuja kichwani walikuwa ndugu zangu tu. Nilisahau kabisa kwamba dunia ina watu baki.

Nilimweleza Babu nikidhani atacheka. Wapi! Aliuliza, "Alitaka kumuoa na Alistidia pia?" Nikamwambia ni majaribio, Babu, haoi mtu. Akasema huyo Mugenyi ana tabia mbaya, atolewe kwenye ukoo. Nikaanza kumtetea mtu ambaye simjui, aliyenikatalia kazi yangu, kwa kuwa eti ni kaka yangu. Baba mdogo, kuna wakati nilikuwa najisikiliza ninavyoongea nikajiona nimechanganyikiwa.

Ikabidi nitafute familia ya nje. Ijumbi kwa kina Mama haikuwezekana, hao nao ni damu yangu. Nikaenda Izigo kwa rafiki yangu wa sekondari, Annastella, nimwombe jina lake liwe la mchumba wa mfano. Yeye alikubali palepale. Mama yake, Mama Ephrasia, ndiye aliyenikalisha. Huyo mchumba ni Mkatoliki? Ana shamba? Anakunywa? Kwa nini hakuja mwenyewe na wazee wake, anamtuma msichana? Nikamweleza kuwa mchumba ni wa majaribio, ni wa kwenye simu tu, na kadiri nilivyoeleza ndivyo nilivyozidi kuharibu. Nilitoka pale nimekubaliwa, lakini kwa sharti kwamba Mugenyi akishamchagua Annastella asimchague tena mwingine. Nilitikisa kichwa nikakubali, ningefanya nini.

Nikatuma mara ya tatu. Sauti ya Babu nimeipunguza bila kumwambia, wachumba wanapatikana, kila kitu kinafunguka. Imekataliwa. Sasa wanasema kumtaka mtu ataje ukoo wake ni kumbagua kwa asili yake, na hawaruhusu. Kama naitaka programu yangu dukani, lazima mtumiaji aweze kuendelea bila kusema chochote.

Hapo nililia, sikufichi. Nilikata rufaa. Niliwaandikia kwa Kiingereza changu chote nilichonacho, nikawaeleza kuwa kwetu hatumuulizi mtu ukoo ili tumfukuze, tunamuuliza ili tujue tumwite nani. Tunamuuliza ili asikae kama mzigo uliosahauliwa stendi. Wakajibu kwa maneno yale yale ya mwanzo, neno kwa neno, hata nukta iliyokosewa imekosewa palepale. Nikakata tena. Wakajibu tena vilevile, ila sahihi imebadilika. Leo Kelly, kesho Jordan, keshokutwa Robin. Kelly wa nani? Jordan wa wapi? Wanataka nisimuulize mtu kwao, na wao wenyewe hawana kwao!

Na kila jibu linaanza na "asante kwa subira yako." Subira gani? Nani aliwaambia nina subira? Baba mdogo, nilifika mahali nikawa nikisikia ile simu ikilia naigeuza kifudifudi.

Shamsia ndiye aliyenirudisha kitini. Akaniambia, bila kucheka safari hii, kwamba ile programu hata yeye asingeingia. Babu wa babu yake alitoka Pangani na misafara, akaoa hapa, akajenga hapa, na hadithi yao inaishia hapo. "Ukiniuliza ukoo nitakwama palepale alipokwama mkaguzi wako. Na mimi nimezaliwa hapa hapa Bukoba." Tumekaa meza moja miaka yote hii na sikuwahi kumwazia.

Basi nikakubali kuweka kitufe cha kupitia. Shamsia akapendekeza kiandikwe "Mimi ni mgeni", na yalikuwa maneno mazuri, ya heshima. Lakini mimi nilikuwa na hasira. Niliandika "Sina ukoo", kwa herufi kubwa, katikati ya ukurasa. Nikasema haya, abonyeze huyo mkaguzi, aone inavyouma. Shamsia akaendelea kutoa fotokopi za watu.

Babu alipokisikia hicho kitufe alikataa katakata. Hakuna mtu asiye na ukoo, akasema, kuna waliopotea tu. Jumapili nzima hakuongea nami, hata pale kanisani amani alimpa mtu wa upande wa pili. Mpaka nilipomwapia kuwa ni kwa ajili ya wakaguzi peke yao, kwamba hakuna mtu wetu hata mmoja atakayekigusa. Ndipo akaridhika.

Ikakubaliwa. Bila hongera, bila maelezo. Hawa watu waliokuwa na maneno mengi wakati wa kukataa, siku ya kukubali walikosa hata sentensi mbili. Mama alipiga vigelegele mpaka majirani wakaja wakidhani mmefika. Babu alimfuata katekista baada ya Misa akataka itangazwe, ikatangazwa, na sasa watu wananisimamisha njiani kunionyesha simu zao. Mama Ephrasia wa Izigo ameiweka, na ameniuliza Mugenyi ameishia wapi.

Nikakutumia wewe njia ya kuipata, uwagawie watoto. Ulinijibu kidole gumba. Na kila jioni Babu ananipigia simu, swali moja tu: "Wa Anatory wameingia?"

Sasa nifike kwenye kilichonishikisha kalamu.

Alhamisi Alistidia alinitumia ujumbe wa sauti. Kiswahili chake kimeongezeka, nimefurahi, ingawa bado anakitafuta. Alisema hivi, nimeusikiliza mara nyingi mpaka nimeukariri: "Dada Jovi, shikamoo. Programu yako nzuri sana, napenda sauti ya Babu. Nimeandika jina lake, Rutaihwa, kuuliza nimwiteje. Imesema nimwite Mzee, na nimsalimie nikiwa nimesimama mbali kidogo. Nafanya mazoezi kila siku chumbani. Shikamoo, Mzee. Nasema vizuri?"

Hivyo ndivyo programu inavyomjibu mtu baki. Nikadhani imeharibika, nikaanza kuwalaani wale wa dukani upya. Nikamuuliza alijaza nini pale mwanzo. Akaniambia alibonyeza "Sina ukoo".

Nikamuuliza kwa nini. Akasema lile swali hakulijua jibu lake. Akasema alikuuliza wewe, ulikuwa unaendesha gari, ukamwambia hayo ni mambo ya zamani, abonyeze chochote aendelee. "Kwa hiyo nikabonyeza hicho," akasema. "Nadhani sisi wa huku hatuna. Si ndiyo, dada?"

Baba mdogo, niwie radhi. Wewe ni mzazi wangu, na tangu baba afariki hujawahi kuniacha, ada yangu ya shule najua ilitoka wapi. Lakini umenikera, na nikisema vingine nitakuwa nakudanganya. Mambo ya zamani? Mimi nimepigana na watu nisiowajua, nimemlilia Babu ampe ukoo mkaguzi, akampa! Mkaguzi! Mtu asiye na sura ameingizwa kwetu, amepewa jina, amegombewa, amesamehewa. Na mtoto wako wa kumzaa, mwenye jina la Babu nyuma ya jina lake, amebonyeza kwamba hana.

Kwa wale wakaguzi angalau nilikuwa na mahali pa kuipeleka hasira. Nawaandikia, nawafokea, nafunga simu. Hii nimeipeleka wapi? Kwa Babu siwezi. Jana jioni amepiga kama kawaida yake, wa Anatory wameingia? Nikamwambia bado, Babu, mtandao wa huko unasumbua. Akasema kwa upole, "Wape muda, waitu." Mimi, kumdanganya Babu! Na yeye ananipa pole kwa mtandao wa Kanada!

Maneno ya kitufe nimeshayabadilisha. Sasa yanasema "Mimi ni mgeni", kama Shamsia alivyotaka tangu mwanzo, na nimetuma toleo jipya, liko kwa wakaguzi, Mungu anajua safari hii watakuja na lipi. Lakini hilo linamsaidia nini Alistidia? Mtoto wa pale nyumbani abonyeze kuwa ni mgeni, ndiyo itakuwa nafuu?

Ningeweza kumwandikia mimi, ni neno moja tu. Nimeliandika, nikalifuta, nikaliandika tena. Nimeshindwa kulituma. Mtu haambiwi ukoo wake na dada yake kwenye simu kama anaambiwa namba ya siri ya intaneti. Anaambiwa na baba yake, wewe uliambiwa na wako, na mimi baba aliniambia tukiwa tunapalilia, nilikuwa mdogo hata jembe sijui kulishika vizuri. Hakuna aliyenipa cheti. Alisema tu, sisi ni hawa, hatuli samaki kamongo kwa sababu hii, na tulianzia pale chini mtoni. Basi. Alimaliza kabla hatujafika mwisho wa mstari wa maharage.

Kwa hiyo kaa na watoto, Baba mdogo, wote wawili, Avit naye akiwepo. Zima gari. Waambie jina. Waambie habari ya kamongo, waambie habari ya mtoni, na kama kuna unachokisahau mpigie Babu umuulize, atafurahi mpaka goti litapona. Mimi nimepambana na duka zima lenye wakaguzi wake, nimeshinda kwa shida, lakini katika hili hakuna ninayeweza kumkatia rufaa isipokuwa wewe.

Wasalimie wote. Mama mdogo mwambie kitenge alichoagiza nimekipata, rangi ile ile. Avit mwambie Babu amemtengea jogoo wa kumchinjia mwenyewe, aanze kujipa moyo. Watu wa Izigo wanawasalimu, na Shamsia anasema mkija mpite dukani kwake kabla ya kupanda Kashozi. Mama anawaombea kila rozari, anataja majina yenu mmoja mmoja, hata baridi hiyo yenu anaijumuisha. Mungu awafunike njiani na awashushe salama uwanja wa Bukoba au popote ndege itakapokubali kutua.

Na umwambie Alistidia taratibu, usimfokee. Hajakosea popote. Ameulizwa swali, akatafuta jibu nyumbani kwake, hakulikuta, na sasa anajifunza kila siku mbele ya kioo kumwita babu yake kama mtu asiyemjua, kwa bidii, ili asimkosee tena. Usimwache apande ndege hivyo.

Ni mimi mtoto wa kaka yako, nikupendaye hata nikiwa nimenuna,

Joviana